Ukumbusho na Makumbusho: Kuifurahia Historia ya Sanaa kupitia Picha za Tshibumba Kanda Matulu

Ikisiri

Makala hii inahakiki njia tatu ambazo kwazo msomaji wa Kiswahili anaweza kuzifikia picha za historia zilizochorwa na Tshibumba Kanda Matulu mjini Lubumbashi katika miaka ya 1970: picha zenyewe, kitabu cha Johannes Fabian (1996), na kumbi za makumbusho za Ulaya zinazohifadhi kazi za aina hiyo. Hoja yake ni kwamba raha ya kuzitazama picha hizi haitengani na maelezo ya Kiswahili ambayo mchoraji aliyatoa mbele ya kila picha, na kwamba maelezo hayo ndiyo yaliyofichika zaidi kwa wenye lugha. Inapendekezwa kwamba mjadala wa kurejesha mali za sanaa uhusishe pia maneno.

Maneno muhimu: historia ya sanaa, uchoraji wa mijini, Kiswahili cha Katanga, makumbusho, ukumbusho

Utangulizi

Historia ya sanaa huhesabiwa katika nchi zetu kuwa elimu ya anasa. Mtu anayetumia saa nzima kutazama picha, kisha akarudi nyumbani na kufungua kitabu ili azitazame tena, hudhaniwa ama hana kazi ama ana fedha za kuchezea. Hata katika makongamano yetu ya Kiswahili, ambamo ushairi hutengewa vikao vizima na riwaya haikosi wasemaji, uchoraji huingia kwa mlango wa uani, mara nyingi kama pambo la jalada. Makala hii inachukulia kwamba kuifurahia picha ni sehemu ya kuielewa, na kwamba mtazamaji asiyepata raha yoyote mbele ya picha hatasaidiwa na nadharia, iwe nzito kiasi gani.

Ulaya jambo hili lilitambuliwa zamani. Kitabu cha E. H. Gombrich, The Story of Art, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1950, kimewafundisha mamilioni ya wasomaji kutazama picha bila kuwatisha kwa istilahi. Ni kitabu cha kupendeza, na sioni haya kusema hivyo. Lakini Afrika imewekwa katika sura yake ya kwanza, pamoja na wachoraji wa mapangoni na wenyeji wa Amerika ya kale, chini ya anwani inayotaja mianzo ya ajabu. Kisha inaachwa hapo, na masimulizi yanashika njia ya Misri (ambayo, inaonekana, haikuhesabiwa kuwa Afrika), Ugiriki na Roma. Msomaji wa Bukavu au Kigoma anakifurahia kitabu hicho kama mgeni aliyealikwa arusini pasipo kumjua bwana harusi wala bibi harusi. Chakula ni kizuri, lakini hajui ashangilie nini.

Je, mtu anayetaka kuanzia nyumbani aanzie wapi? Pendekezo langu ni Lubumbashi, na hasa kazi ya mtu mmoja. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mjini humo mwaka 1947, wakati mji ukiitwa Elisabethville. Mnamo 1973 na 1974 alichora mfululizo wa picha zipatazo 100 zinazosimulia historia ya nchi yake, iliyoitwa wakati huo Zaire, kuanzia enzi za mababu na kufika kwa Wareno katika pwani ya Kongo hadi utawala wa Mobutu. Picha za mwisho zinauvuka wakati wa mchoraji mwenyewe na kuingia katika mambo yajayo. Picha hizo alimpelekea Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha huko. Kila alipopeleka fungu jipya aliketi naye akazisimulia picha moja baada ya nyingine, kinasa sauti kikizunguka. Masimulizi hayo yalikuwa ya Kiswahili, na jambo hilo halijapewa uzito wake katika taaluma yetu.

Rangi juu ya gunia la unga

Picha hizi si kubwa. Upana wake haufiki mita moja. Zimechorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga kilichowambwa kwenye fremu nyembamba za miti. Rangi ni bapa, mistari iko wazi, na mahali pengi pana maandishi. Aliyezoea kutazama picha za mafuta za Ulaya ataziona kama kazi ya haraka, na kwa kiasi fulani ndivyo zilivyo: mchoraji aliishi kwa kuuza, na bei ilikuwa ndogo.

Wanunuzi wa kawaida wa picha za aina hii walikuwa watu wa mjini wenyewe, wenye kipato cha mfanyakazi au karani, waliozitundika sebuleni. Hapo ndipo picha za Lubumbashi zinapoachana na mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli. Mabwana hawa wawili walikuwa watu wa kizazi cha karibu, wote wakiwa mijini, wote bila kupitia chuo cha sanaa. Lakini wanyama na ndege wa Tingatinga walipata wanunuzi wao hasa miongoni mwa wageni, ilhali mchoraji wa Lubumbashi alikuwa akisema na jirani yake. Zinaachana vilevile na kazi za wachoraji waliotangulia katika mji huohuo wa Lubumbashi, akina Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, waliolelewa katika karakana iliyoanzishwa na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946. Samaki, ndege na majani ya Pilipili ni mazuri mno, na mimi huyatazama bila kuchoka. Hata hivyo hayamwambii mtu wa mjini jambo lolote kuhusu mji wake. Sisemi haya kwa kumdharau yeyote. Ninachosema ni kwamba mnunuzi huacha alama yake katika picha sawasawa na mchoraji.

Chukua aina moja ya picha ambayo Tshibumba na wenzake waliichora mara nyingi, inayojulikana kwa maandishi yake ya Kifaransa: Colonie Belge 1885–1959. Tupo katika ua wa gereza. Mfungwa amelazwa kifudifudi, makalio wazi. Askari Mwafrika amenyanyua kiboko. Afisa wa Kibelgiji amesimama pembeni akisimamia kazi, pengine kiko mdomoni. Wafungwa wengine, katika nguo za mistari, wanachota au kubeba mizigo, na bendera ya Ubelgiji inapepea. Mwanahistoria wa darasani ataona kosa mara moja: kuanzia 1885 hadi 1908 Kongo haikuwa koloni la Ubelgiji, ilikuwa milki ya Mfalme Leopold II. Lakini hilo kosa ndilo hoja ya picha. Kwa aliyelazwa chini, mabadiliko ya mwaka 1908 yalikuwa mabadiliko ya karatasi. Kiboko kilibaki kilekile na mkono uliokishika ukabaki wa ndugu yake. Mchoraji hakuhitaji aya tatu kulisema hilo. Alihitaji tarehe mbili na kistari katikati. Raha ya kuitazama picha hii, na sisiti kuiita raha ingawa mada yake ni mateso, ni raha ya kuona hoja ikikamilika mbele ya macho.

Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian (1976) walieleza kwamba watu wa Lubumbashi walizikusanya picha hizi chini ya neno moja: ukumbusho. Ndani yake walitofautisha vitu vya bankambo, yaani vya mababu, vitu vya zamani na vitu vya sasa. Sisi tunaosema Kiswahili tulipite neno hili polepole kuliko walivyoweza kufanya wao. Kiini chake ni kumbuka, lakini halikujengwa juu ya kumbuka. Limejengwa juu ya kumbusha. Kukumbuka naweza peke yangu, usiku, kitandani. Kukumbusha kunahitaji watu wawili na kitu kati yao. Kwa hiyo picha inayoitwa ukumbusho haidai kwamba ndani yake mna historia, kama vile sanduku lilivyo na nguo. Inadai kwamba mtu akiitazama mbele ya mwingine, mmoja wao ataanza kusema. Mtoto atauliza huyu ni nani, baba atajibu, mgeni atambishia baba. Picha iliyotundikwa sebuleni bila mdomo wa kuisemea haijamaliza kazi yake.

Hapa pana jambo linalowapita watazamaji wengi. Maandishi yaliyo juu ya picha ni ya Kifaransa: jina, mahali, tarehe, wakati mwingine sentensi fupi. Maneno ya mchoraji juu ya picha hiyohiyo ni ya Kiswahili. Kifaransa kimekaa pale kama muhuri wa ofisi juu ya cheti, kinathibitisha kwamba jambo lilitokea na liliandikwa. Kiswahili kinaeleza lilitokeaje, kwa nini, nani alinufaika, na watu walisema nini waliporudi nyumbani. Anayeiona picha bila Kiswahili chake amesoma muhuri tu.

Kitabu

Fabian alikaa na picha na kanda hizo zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuchapisha Remembering the Present mwaka 1996. Mpangilio wa kitabu unastahili sifa. Picha na masimulizi vinatangulia. Insha za mwandishi zinafuata nyuma. Msomaji anapewa nafasi ya kutazama na kusikiliza kabla hajaelezwa afikiri nini, na heshima hiyo si ya kawaida katika vitabu vya kitaaluma kuhusu Afrika. Tshibumba anatokea humo kama alivyojiona mwenyewe, msanii na mwanahistoria, mtu mwenye hoja na utaratibu wa kuzithibitisha. Fabian hajifichi pia. Anaonyesha wazi kwamba mfululizo huu ulizaliwa katika maongezi na ununuzi, na kwamba mtu aliyeuliza maswali alikuwa na fedha na kinasa sauti. Mhakiki anayetaka kumshika kwa hilo atamkuta amekwisha kulisema.

Pale anaposhikika ni kwingine. Masimulizi yote ndani ya kitabu ni ya Kiingereza. Ni tafsiri nzuri, yenye pumzi ya mtu anayeongea, lakini ni tafsiri, na kilichopotea ndani yake si mapambo. Mtu wa Lubumbashi anaposema huchanganya: neno la Kifaransa huingia kati, huachwa, hurudiwa kwa Kiswahili, na mahali linapoingia huonyesha ni wakati gani msemaji anaisemea serikali na ni wakati gani anasema na nduguye. Katika Kiingereza mistari hiyo ya mshono haionekani tena.

Mfano mmoja utatosha. Miongoni mwa picha za mfululizo huo imo inayoitwa Simba Bulaya, simba wa Ulaya. Inahusu hofu iliyoenea katika miji ya migodi wakati wa ukoloni, kwamba kulikuwa na watu wanaotumwa na Wazungu usiku kuwanasa Waafrika. Msomaji wa Kiingereza hukutana hapo na imani ngeni na kuhitaji tanbihi. Niliwahi kuwaonyesha wanafunzi wangu wa mwaka wa pili picha hiyo, bila maelezo yoyote ila jina lake. Kwanza walicheka kwa sababu ya b iliyoongezeka mbele ya Ulaya. Kisha mmoja, ambaye bibi yake alitoka Tanga, akasema: hawa si mumiani? Darasa likanyamaza, halafu kila mtu akawa na lake la kusimulia, lililosikiwa kwa shangazi au kwa babu. Kwa nusu saa sikuwa na kazi yoyote. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, ameonyesha kwa utafiti mrefu kwamba masimulizi ya mumiani wa pwani, ya banyama wa Rhodesia ya Kaskazini na ya batumbula wa Katanga ni ukoo mmoja. Wanafunzi wangu walifika karibu na hapo kwa neno moja la Kiswahili na picha moja ya gunia. Neno hilo lilifanya kazi kwa sababu halikutafsiriwa.

Au itazamwe picha ya mauaji ya mwaka 1941. Mwezi Desemba wa mwaka huo wafanyakazi wa Union Minière waligoma kudai mishahara, maana vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu. Wagomaji wakakusanyika katika uwanja wa mpira mjini, na tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi mbele ya gavana wa jimbo, Amour Maron. Tshibumba alikuwa hajazaliwa. Aliyajua mambo hayo kwa kusimuliwa, kama yalivyosimuliwa katika kila nyumba ya Lubumbashi yenye mzee wa mgodini, na miongoni mwa waliosimulia hawakukosa watu ambao wazazi wao waliletwa kutoka Rwanda na Burundi, kwa maana kampuni iliandikisha vibarua huko tangu miaka ya 1920. Picha hii, basi, ni ya historia yetu pia sisi tulio upande wa pili wa Ziwa Tanganyika. Nimesoma vitabu vya shule kadhaa vya ukanda huu na sijakutana nayo katika hata kimoja.

Picha inayojulikana kuliko zote ni ya kifo cha Patrice Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na mji huo pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili mitatu imelala chini, na mbali nyuma yao, juu ya kilima, misalaba mitatu. Watazamaji wengi huishia hapo: Lumumba ni Yesu, na imekwisha. Kitabu cha A Congo Chronicle kilichohaririwa na Bogumil Jewsiewicki mwaka 1999, pamoja na maonyesho yaliyokwenda nacho, kiliwakusanya wachoraji wengi wa mijini kuhusu Lumumba, na ni hazina kwa anayetaka kulinganisha mkono na mkono. Lakini kumtoa Lumumba katika mfululizo na kumweka peke yake ukutani kunamfanya kuwa sanamu ya kuabudiwa. Ndani ya mfululizo wa Tshibumba picha hiyo ina jirani. Kabla yake yako mambo yaliyoufanya usaliti uwezekane, na baada yake kuna miaka ya vita na serikali zilizopokezana. Misalaba ile mitatu haifungi masimulizi. Inauliza nini kilifuata baada ya mazishi. Msomaji asome picha hizi kwa mfuatano wake, kama anavyosoma utenzi, asichague beti.

Makumbusho

Lugha yetu imeliita jengo la kuhifadhia sanaa kwa neno lililotoka shina lilelile la ukumbusho. Makumbusho ni mahali pa kukumbushwa, hivyo ni mahali pa kusemeshana. Sina hakika kama waliolibuni neno walilikusudia hilo, lakini limekaa vizuri, na linatupa kipimo cha kuzihakiki kumbi zenyewe.

Picha za mfululizo wa Tshibumba alizokusanya Fabian ziko Amsterdam, katika makumbusho yaliyokuwa yakiitwa Tropenmuseum na ambayo tangu 2023 yanaitwa Wereldmuseum. Mkusanyo mwingine mkubwa wa picha za mijini za Kongo, uliokusanywa na Jewsiewicki, uliingia katika Makumbusho ya Afrika ya Kati ya Tervuren, Ubelgiji, mwaka 2013. Sehemu yake ilionyeshwa Brussels mwaka 2016 katika maonyesho ya Congo Art Works, yaliyoandaliwa na Bambi Ceuppens pamoja na Sammy Baloji, msanii mzaliwa wa Lubumbashi. Ni haki kukiri kwamba picha hizi hazikuporwa. Zilinunuliwa, zimetunzwa katika hewa baridi inayofaa, na huenda zisingedumu kama zingebaki kwenye kuta za nyumba za wafanyakazi katika miaka ya taabu iliyofuata. Anayetaka kuzidai kama tunavyodai vinyago na ngoma zilizochukuliwa kwa bunduki atakuwa na kesi dhaifu, na sidhani kama inafaa kuifungua.

Kilicho na kesi yenye nguvu ni maneno. Tervuren ilifunguliwa upya Desemba 2018, baada ya ukarabati wa miaka mitano na mjadala mkali kuhusu ukoloni. Maelezo yaliyobandikwa kando ya vitu ni ya lugha nne: Kiholanzi, Kifaransa, Kiingereza na Kijerumani. Kijerumani kimo kwa sababu ni lugha rasmi ya wananchi wachache wa mashariki ya Ubelgiji, na hilo ni jambo jema. Lakini mamilioni ya watu wa mashariki na kusini ya Kongo, zilikotoka nyingi ya kazi zilizomo ndani ya jengo lile, hawana hata mstari mmoja kwa lugha wanayoisema. Picha ya Colonie Belge ikitundikwa katika ukumbi wa namna hiyo huzungukwa na lugha za afisa mwenye kiko. Ya mfungwa haimo. Na haimo kwa sababu ya nafasi ya ukuta, huambiwa. Ingawa siku hizi sauti haihitaji ukuta, na sauti ya Kiswahili ya mchoraji ilinaswa tangu 1973.

Nimesema maneno yamefichika, sikusema yamepotea. Fabian na wenzake waliyanukuu masimulizi ya Tshibumba kwa Kiswahili na kuyaweka katika intaneti, katika hifadhi iitwayo Archives of Popular Swahili, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ni kazi ya uadilifu mkubwa. Humo mna pia maandiko mengine ya Katanga, yakiwemo yale ya mwaka 1965 kuhusu historia ya Elisabethville, yaliyotungwa na watumishi wa nyumbani chini ya jina la André Yav. Lakini hifadhi ya watafiti si kitabu cha wasomaji. Nukuu ziko mahali pamoja, picha mahali pengine, na mtu anayetaka kuziona pamoja hana budi kufungua kurasa mbili na kulinganisha namba kwa namba. Nimefanya hivyo, na ni kazi, si starehe.

Kiswahili kisichonyooshwa

Washauri wa sera waliomo katika kongamano hili wanajua kwamba Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwamba tangu hapo hati nyingi zimetaja Kiswahili kuwa daraja kati yake na nchi nyingine wanachama. Tatizo ni kwamba tunalifikiria daraja hilo la kuvukwa upande mmoja. Tunapanga kupeleka Kongo walimu, kamusi na vitabu vya Kiswahili sanifu. Ni nadra kusikia mtu akiuliza Kongo itatuletea nini kwa Kiswahili.

Masimulizi ya Tshibumba yangekuwa jibu mojawapo, lakini yanakuja na mtihani. Kiswahili chake si cha vitabu vyetu. Ba- inakaa palipo na wa-. Baadhi ya sauti zimeanguka. Upatanisho wa kisarufi haufuati ngeli zote tunazozifundisha. Kifaransa kimo tele. Fabian, katika Language and Colonial Power (1986), amefuatilia jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyokua kama lugha ya kazi katika migodi na kambi, na jinsi wakoloni na wamisionari walivyojaribu tena na tena kukinyoosha kwa sarufi zao. Itakuwa kejeli iwapo wa kwanza kukichapisha kwa ajili ya wasomaji wa Afrika Mashariki watakuwa pia wa mwisho kukinyoosha.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kipuuzi. Msomaji wa Dodoma au Mombasa atakwama. Mwalimu atalalamika kwamba kitabu kinawafundisha watoto makosa. Mhariri mzoefu, kwa nia njema kabisa, atarekebisha viambishi katika ukurasa wa kwanza na kufikia ukurasa wa kumi atakuwa ameandika upya. Lakini tumekwisha kujifunza kuyasoma mashairi ya Kiamu na Kimvita bila kuyageuza, kwa msaada wa faharasa na maelezo mafupi, na hatusemi Muyaka alikosea. Mtu aliyeitafakari historia ya nchi yake kwa picha 100 anastahili uvumilivu tunaompa mshairi wa Lamu.

Kinachohitajika si kikubwa mno: toleo moja lenye picha ukurasa wa kushoto na maneno ya mchoraji ukurasa wa kulia, kama alivyoyatamka, na maana za maneno magumu chini ya ukurasa. Nukuu zipo. Picha zimepigwa na kuhifadhiwa. Taasisi zinazomiliki mikusanyo hupenda siku hizi kusema kwamba zinataka ushirikiano na nchi zilikotoka kazi zake, na ombi la namna hii, likitolewa na chombo cha kikanda kinachoshughulikia Kiswahili, lingezipa namna ya kulithibitisha hilo bila kusafirisha sanduku hata moja. Makumbusho ya Lubumbashi yangepaswa kupata nakala za sauti kabla ya mtu mwingine yeyote, na kuzitumia ukumbini kabla kitabu hakijatoka, kwa sababu huko wapo bado watu wanaoweza kumsikiliza Tshibumba na kumbishia.

Kuna jambo gumu zaidi, ambalo wahariri wa Ulaya wamelikuta kabla yetu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna habari za uhakika za Tshibumba mwenyewe. Picha ziliuzwa, lakini maneno hayakuuzwa, aliyasema. Nani atie sahihi kwa niaba yake, na mapato ya kitabu yaende wapi ikiwa warithi watapatikana miaka kumi baada ya kuchapwa, ni maswali ya mwanasheria, na yaingizwe katika bajeti ya mradi tangu siku ya kwanza pamoja na karatasi na wino.